Saa ya Kuondoka na Saa ya Kurudi: Jinsi Hesabu ya Ndege ya Krismasi Ilivyojengwa

Ndege wa porini hawahesabiki kama ng'ombe wa zizini, kwa kuwa hawana mlango mmoja wa kupitia wala mchungaji wa kuwazuia, na mtu anayeripoti kwamba ameona kunguru 340 katika siku moja ya baridi huwa amethibitisha jambo moja tu, kwamba kunguru 340 walipita mbele ya macho yake. Hajaeleza walikuwepo wangapi kwa jumla, wangapi walijificha, wala wangapi aliwaona asubuhi kisha akawaona tena jioni. Hata hivyo, orodha za namna hiyo, zilizoandikwa kila mwisho wa mwaka na watu ambao wengi wao si wanasayansi, zimekuwa miongoni mwa kumbukumbu ndefu kuliko zote kuhusu wanyamapori wa Amerika Kaskazini. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba Hesabu ya Ndege ya Krismasi ilipata thamani yake ya kisayansi pale wahesabuji walipozoea kujihesabu wao wenyewe sambamba na ndege, yaani kuandika walikuwa wangapi, walitembea muda gani na walifika wapi.

Mwanzo wake haukuwa wa kisayansi hata kidogo. Katika maeneo kadhaa ya Marekani ya karne ya 19 palikuwa na mashindano ya uwindaji ya siku ya Krismasi, ambapo wanaume waligawana timu mbili, wakaingia mashambani na misituni na kupiga risasi kila chenye manyoya au mabawa, na timu iliyorudi na lundo kubwa zaidi ndiyo iliyoshinda. Frank M. Chapman, mtaalamu wa ndege katika Jumba la Makumbusho ya Historia ya Asili la Marekani jijini New York na mhariri wa jarida la Bird-Lore, alipendekeza katika toleo la Desemba 1900 kwamba mashindano hayo yageuzwe: watu watoke siku ileile, lakini warudi na orodha badala ya mizoga. Maelekezo aliyoyatoa yalikuwa mafupi, na ndani yake mlikuwa na busara ambayo pengine hata yeye mwenyewe hakuipima uzito wake. Kila ripoti ilitakiwa itangulizwe na hali ya hewa, upepo na nguvu yake, kama ardhi ilikuwa tupu au imefunikwa na theluji, kiwango cha joto wakati wa kuanza, pamoja na saa ya kuondoka na saa ya kurudi. Kisha ndipo ifuate orodha ya spishi kwa mpangilio mmoja wa kitaalamu, kila spishi na idadi yake.

Tarehe 25 Desemba 1900 waliotoka walikuwa watu 27 katika mahali 25, kuanzia Toronto nchini Kanada hadi Pacific Grove kwenye pwani ya California, na spishi walizoziona kwa pamoja zilikaribia 90. Kwa vipimo vya takwimu, matokeo ya mwaka huo hayana kitu cha kulinganishwa nacho, kwa sababu kila mtu alijichagulia eneo lake na ukubwa wake, wengine wakitembea asubuhi nzima na wengine wakitosheka na saa chache. Lakini saa zile mbili ziliandikwa, na kitu kilichoandikwa mwaka wa kwanza kinaweza kutafutiwa matumizi miaka 50 baadaye, ilhali kilichoachwa hakirudi.

Uchaguzi wa majira ya baridi ulitokana na mashindano yaliyokuwa yakipingwa, na kwa bahati nzuri uliafikiana na mahitaji ya kazi yenyewe. Katika nchi za kaskazini miti mingi hupukutisha majani yote kabla ya Desemba, hivyo ndege aliyekuwa akisikika tu mwezi Juni huonekana wazi juu ya tawi tupu. Ndege wengi huacha maisha ya jozi na kukusanyika katika makundi wakifuata chakula. Na kwa kuwa spishi nyingi zimeshahamia kusini, zinazobaki ni chache kiasi cha mwanafunzi makini kuweza kuzijifunza zote katika misimu michache. Hasara zake nazo ni za kweli. Ndege hawaimbi sana wakati huo, hivyo sikio lililozoea nyimbo za majira ya kuchipua hubaki na milio mifupi isiyofanana nazo. Mchana ni mfupi. Na siku moja ya upepo mkali inaweza kuwafungia ndege vichakani na kuifanya spishi ya kawaida ionekane kama imetoweka.

Utaratibu ulikazwa hatua kwa hatua mpaka ukafikia umbo linalojulikana leo. Eneo la hesabu ni duara lenye kipenyo cha maili 15, sawa na kilomita 24 hivi, ambalo kitovu chake kikishawekwa huachwa palepale mwaka hata mwaka, na maduara mawili hayaruhusiwi kupandana. Duara la namna hiyo lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 458, eneo ambalo hakuna kundi la watu linaloweza kulimaliza kwa siku moja, na ni vyema jambo hilo likumbukwe kila takwimu zake zinaposomwa. Kila duara huchagua siku moja kati ya tarehe 14 Desemba na tarehe 5 Januari, na hesabu yake ni ya saa 24 za siku hiyo, kuanzia usiku wa manane hadi usiku wa manane. Ndege wa spishi iliyokosekana siku yenyewe lakini ikaonekana ndani ya siku tatu kabla au tatu baada huandikwa kwa alama maalumu ya wiki ya hesabu bila kuingizwa katika jumla, kanuni ndogo inayoliwaza kundi lililomwona bundi adimu jana yake huku ikiilinda takwimu isichafuke.

Kazi ya siku yenyewe huongozwa na mratibu wa duara, ambaye huligawa katika vipande na kukabidhi kila kipande kwa kundi la watu wachache wenye darubini na daftari. Wapo wanaoanza saa kumi za usiku kuwasikiliza bundi, wapo wanaotembea kwa miguu kando ya mito isiyoganda, wapo wanaozunguka kwa gari katika barabara za mashambani wakitafuta vipanga juu ya nguzo, na wapo wanaokaa nyumbani wakitazama vilishio, yaani visanduku vya mbegu na mafuta vinavyotundikwa bustanini ili ndege wapate chakula wakati ardhi imefunikwa. Ndege wachache huhesabiwa mmoja mmoja. Kundi kubwa hukadiriwa kwa mafungu: mhesabuji huhesabu ndege 50 kwa uangalifu, akalishika kwa jicho umbo la fungu hilo, kisha akaona mafungu ya ukubwa huo yanaingia mara ngapi katika kundi zima. Mbinu hii huhitaji mazoezi, na kundi linavyozidi kuwa kubwa ndivyo wengi wanavyozidi kukisia pungufu.

Tatizo linalomnyima mratibu usingizi ni ndege mmoja kuhesabiwa na makundi mawili. Shakwe hushinda jalalani na kulala ziwani. Kunguru hutawanyika mashambani mchana na jioni hujaa katika mti mmoja au bustani moja ya mji. Kipanga mmoja huweza kuvuka mipaka ya vipande vitatu kabla ya adhuhuri. Ndiyo maana makundi hukutana jioni, mara nyingi kwa chakula cha pamoja, na orodha husomwa spishi baada ya spishi huku saa na mahali pa kila tukio vikilinganishwa. Kwa kunguru, suluhisho la kawaida ni kuwaweka watu karibu na malalo yao magharibi inapoingia na kuwahesabu wanapowasili kwa mistari. Mkutano huo wa jioni una kazi nyingine isiyotajwa sana: ndipo anayedai kumwona ndege asiyetarajiwa anapoulizwa maswali mbele ya wenzake, na madai dhaifu mara nyingi hufia hapo mezani.

Kipimo kilichoibadilisha orodha kuwa takwimu ni kile kinachoweza kuitwa saa-kundi, maana yake jumla ya saa zilizotumiwa na makundi yote, kila kundi likihesabiwa kama kitu kimoja bila kujali lina watu wangapi. Ichukuliwe mfano wa kubuni wa duara ambalo mwaka mmoja lilikuwa na makundi 4 yaliyotembea saa 8 kila moja na kuona njiwa 160, kisha miaka 20 baadaye likawa na makundi 10 kwa saa zilezile na kuona njiwa 240. Anayesoma jumla peke yake atasema njiwa wameongezeka kwa nusu, lakini saa-kundi zilikuwa 32 mwanzoni na 80 baadaye, hivyo kila saa-kundi ilileta njiwa 5 hapo kwanza na 3 tu mwishoni. Kwa hesabu ambayo washiriki wake wameongezeka kutoka watu 27 hadi makumi ya maelfu, na ambayo sasa ina maduara zaidi ya 2,000, bila marekebisho ya namna hiyo karibu kila spishi ingeonekana inastawi.

Hata hivyo, kugawanya kwa saa peke yake kuna dosari. Tai mmoja anayekaa kwenye mti mkavu juu ya bwawa ataonekana na kundi la kwanza litakalopita, na saa 40 za ziada hazitamzalisha tai wa pili. Lakini kwa ndege wadogo waliojificha vichakani, kila saa inayoongezwa huleta wapya. Uhusiano kati ya juhudi na idadi hutofautiana basi kutoka spishi moja hadi nyingine. William Link, John Sauer na Daniel Niven walilishughulikia jambo hilo katika makala yao ya mwaka 2006 katika jarida la The Condor, wakitumia modeli ya ngazi kadhaa, yaani mfumo wa hesabu unaoruhusu kila eneo liwe na tabia yake huku yote yakiunganishwa na mwelekeo mpana zaidi, ambamo mchango wa juhudi unakadiriwa kutoka katika takwimu zenyewe badala ya kudhaniwa kuwa sawa siku zote. Walipoupima mfumo huo walimtumia bata mweusi wa Marekani, spishi ya uwindaji ambayo kupungua kwake kulikuwa kumeleta mabishano marefu.

Kilichobaki bila dawa kamili ni ustadi wa macho na mahali pa maduara. Kitabu cha Roger Tory Peterson cha mwaka 1934, kilichofundisha kumtambua ndege kwa alama chache zinazoonekana kwa mbali, kiliwainua wahesabuji wa kawaida kwa namna ambayo fomu ya saa-kundi haina safu ya kuiandika. Maduara nayo hayakupangwa kwa bahati nasibu, kwani yalianzishwa pale watu walipoishi, na kwa sababu hiyo miji na kando ya barabara zinajulikana vizuri kuliko milima na misitu ya mbali.

Pamoja na hayo yote, mavuno ni makubwa. Terry Root alitumia hesabu za majira ya baridi kuanzia 1962 hadi 1972 kuchora atlasi ya ndege wa baridi wa Amerika Kaskazini iliyotoka mwaka 1988, na mwaka huohuo akatoa hoja, akitumia spishi 14, kwamba mpaka wa kaskazini wa ndege wadogo hufuata mahali ambapo kujipasha joto usiku kungewagharimu nishati ipatayo mara 2.5 ya ile ya mwili uliotulia. Wengine waliipinga baadaye, lakini bila ramani zile pasingekuwa na cha kubishania. Mwaka 2009 shirika la Audubon, linaloiendesha hesabu hii, lilichambua spishi 305 na kuonyesha kwamba 177 kati yake zilikuwa zimesogeza kaskazini kitovu cha wingi wao, yaani sehemu ya wastani wanakopatikana zaidi wakati wa baridi, katika muda wa miaka 40. Na utafiti uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2019, uliokadiria kwamba Marekani na Kanada zimepoteza ndege karibu bilioni 3 tangu 1970, uliitegemea hesabu ya baridi kwa baadhi ya spishi zinazozaliana Aktiki, mahali pasipo barabara wala wahesabuji, ambazo hujileta zenyewe kwa watu ifikapo Desemba.

Wazo hilo la kuwahesabu ndege pale baridi inapowakusanya ndilo linaloiongoza pia hesabu ya kimataifa ya ndege wa majini ya kila Januari, iliyoanza mwaka 1967 na kuratibiwa leo na Wetlands International, ambayo Afrika Mashariki inashiriki. Kwa msomaji wa Mombasa au Tanga, Januari ni wakati wa kaskazi na jua kali, lakini vitwitwi na sululu wanaotafuta chakula kwenye matope ya maji kupwa ni walewale walioikimbia barafu. Nchini Kenya maziwa ya Bonde la Ufa yamehesabiwa kwa utaratibu huu tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, Makumbusho ya Taifa ya Kenya yakiwa miongoni mwa wahusika wakuu, na lile tatizo la kunguru hujirudia kwa ukubwa mwingine, kwa kuwa flamingo wadogo huhama kati ya Nakuru, Elmenteita, Bogoria na Natron, na ziwa likihesabiwa wiki moja kabla ya jirani yake, ndege walewale wanaweza kuingia katika jumla mara mbili au wakakosekana kote kuwili. Tangu miaka ya 2010 limeongezeka tatizo ambalo duara lenye kitovu kisichohama halikuwahi kuliwazia: maji ya Nakuru yamepanda, yakafunika barabara za kando na kuua migunga ikiwa imesimama, na wahesabuji wanaorudi kwenye ufuo uliopimwa na watangulizi wao hukuta ufuo huo uko chini ya maji na mwingine, wenye kina tofauti, chumvi hafifu zaidi na chakula cha namna nyingine, umejitengeneza katikati ya miti.