Fizikia, Maneno na Msomaji wa Kawaida: Juu ya Kitabu cha Stephen Hawking

A Brief History of Time, kitabu cha Stephen Hawking kilichotolewa mwaka 1988, kimewafikia mamilioni ya wasomaji ambao fizikia yao iliishia shule ya sekondari. Watu hao hawaupati ulimwengu kwa hesabu, bali kwa maneno. Hapana budi basi kitabu hiki kihakikiwe pia na mwanaisimu: maneno yake yapi humjenga msomaji, na yapi humpotosha?

Hawking mwenyewe aeleza kwamba alionywa kuwa kila mlinganyo atakaoutia ungepunguza wanunuzi kwa nusu. Akabakiza mmoja tu, ule wa Einstein, E = mc². Mahali pa milinganyo pakajazwa na mifano. Ulio bora ni ule wa puto lenye madoa: likipulizwa, kila doa hujitenga na mengine, wala hapana doa lililo kitovu. Ndivyo zinavyotengana galaksi, jambo alilolitangaza Edwin Hubble mwaka 1929. Aliyeufahamu mfano huo hatauliza tena kitovu cha ulimwengu kiko wapi.

Lakini jina la nadharia laupinga mfano. Tamko "Big Bang" lilitolewa na Fred Hoyle katika redio ya BBC mwaka 1949, naye alikuwa mpinzani wa nadharia hiyo. Kiswahili kimelipokea kwa kusema "mlipuko mkuu". Katika Katanga, ambako baruti ya machimbo inajulikana, mlipuko una mahali, una kishindo, na vipande vyake hurushwa kwenye nafasi iliyokuwapo tangu awali. Nadharia haisemi hivyo: nafasi yenyewe ndiyo itanukayo. "Mtanuko mkuu" lingekuwa jina lenye kelele chache na ukweli zaidi.

Kasoro kubwa zaidi imo katika sura ya nane, penye "imaginary time", ambayo kwa Kifaransa ni "temps imaginaire". Wanahisabati huita hivyo namba ambazo zikizidishwa kwa zenyewe hutoa jibu hasi. Hapana ndoto wala uzushi ndani yake. Hawking aeleza hilo kwa sentensi chache, kisha aruhusu maana mbili za neno zichanganyike, akidokeza kwamba huenda wakati huo ndio wa kweli, na ule tunaouishi ni mawazo yetu tu. Mwanahisabati atatabasamu, msomaji wa kawaida atafunga kitabu akiamini kwamba fizikia imethibitisha kuwa wakati ni njozi. Mfasiri atakayeandika "wakati wa kubuni" atalihamisha kosa hilo zima zima.

Huenda mtu akapinga kwamba lugha haina nguvu kiasi hicho, kwa kuwa tangu Copernicus mwaka 1543 watu wangali wakisema jua limechomoza na limetua. Ni kweli, lakini usemi huo haumdanganyi aliyekwisha kufundishwa kwamba dunia ndiyo izungukayo. Hatari iko pale neno linapotangulia, na mafundisho yasifuate.

Kitabu cha Hawking chastahili sifa kwa kuwafungulia wengi mlango. Hata hivyo, mwanafunzi wa Lubumbashi afundishwaye fizikia kwa Kifaransa na kuieleza nyumbani kwa Kiswahili ahitaji istilahi zilizochaguliwa baada ya jambo kueleweka. Kazi hiyo haiwezi kuachiwa kamusi peke yake. Idara za fizikia na za Kiswahili zaipasa kuifanya pamoja.