Sungura Aliyeacha Kula: Tatizo Lilikuwa Kwenye Magego

Alikuwa akiukimbilia mchicha, kisha anauacha. Sungura huyu jike mwenye masikio yanayolala, wa familia moja ya mtaani kwetu, alichukua jani kwa midomo, akatafuna kidogo, jani likadondoka. Kidevu kilikuwa kimelowa udenda. Meno ya mbele ya chini yalikuwa yametokeza nje ya mdomo, na kabla ya hapo yalishawahi kukatwa kwa kikata kucha, yakarefuka tena vilevile. Tiba aliyopata baadaye inastahili kuelezwa hatua kwa hatua, kwa sababu ilianzia mahali ambapo wengi wetu hatupaangalii.

Sungura ana meno 28. Ya mbele ni sita: manne juu na mawili chini, na kati ya yale manne, mawili ni madogo sana, yamejificha nyuma ya makubwa. Hana chonge. Baada ya pengo refu yanafuata magego 22, na hayo huwezi kuyaona kwa kumfunua midomo tu, maana kinywa chake ni chembamba na hufunguka kidogo. Meno yote haya hukua maisha yake yote. Ya mbele huongezeka takribani milimita 2 kwa wiki. Kinachoyapunguza ni kusagana yenyewe kwa yenyewe. Sungura akitafuna nyasi, taya la chini huenda upande kwa upande, na chembe ngumu za silika zilizomo kwenye nyasi huyala meno polepole. Akilishwa punje za dukani au pumba, taya hupanda na kushuka zaidi, tumbo linajaa upesi, na magego yanabaki bila kazi.

Kwa hiyo daktari wa mifugo hakuanza na yale meno marefu yaliyokuwa yakimtia kila mtu hofu. Alipitisha vidole chini ya taya akitafuta vinundu, kwa kuwa gego lisiposagika hurefuka pande zote mbili, na mzizi wake husukuma mfupa. Aliangalia macho, maana mizizi ya meno ya juu ikirefuka hubana mfereji wa machozi na jicho hubaki likichuruzika. Akatazama pia nyuma, chini ya mkia. Sungura hula tena kinyesi chake laini moja kwa moja kutoka mkunduni, na mwenye maumivu ya mdomo hukiacha kikaganda kwenye manyoya. Mwisho alichungulia kinywani kwa kifaa kile kile cha kuchungulia masikio. Gego moja la chini lilikuwa limeota ncha kali kuelekea ulimi. Kwa kawaida magego ya chini hutoa ncha upande wa ulimi, na ya juu upande wa shavu.

Hapo ndipo sababu ilipojulikana. Magego yaliyorefuka yanazuia mdomo kufunga vizuri, meno ya mbele hayakutani tena sawasawa, nayo hayasagiki. Urefu wa meno ya mbele ulikuwa matokeo ya tatizo la nyuma. Kuyakata kila mara kulimpunguzia usumbufu kidogo na kuacha ncha ikiendelea kuchoma ulimi.

Kikata kucha kina ubaya mwingine. Jino la sungura likibanwa hupasuka kwa urefu, ufa unaweza kufika kwenye kiini chenye neva, vijidudu vikashuka hadi mzizini na jipu likaota ndani ya taya. Usaha wa sungura ni mzito kama jibini, hautiririki ukipasuliwa, ndiyo maana jipu la taya lake huwa gumu mno kutibika. Sikubaliani kabisa na wanaoendelea kuuza ushauri huu wa kukata meno nyumbani.

Kazi yenyewe ilifanyika akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, baada ya picha ya eksirei kuonyesha hali ya mizizi. Hakunyimwa chakula kabla. Sungura hawezi kutapika, na utumbo wake ukikaa mtupu husimama, jambo linaloweza kumuua upesi kuliko jino lenyewe. Alipewa meloksikamu ya kutuliza maumivu mapema, akawekwa kwenye joto. Ncha ilisagwa kwa mashine ndogo yenye kichwa kinachozunguka, huku kijiko bapa kikiukinga ulimi, kwa vipindi vifupi ili jino lisipate moto. Meno ya mbele nayo yalifupishwa kwa mashine hiyo hiyo.

Familia iliporudi naye nyumbani ndipo ilipoanza kazi ambayo mimi naihesabu kuwa nusu ya tiba. Punje zililowekwa katika maji ya uvuguvugu zikawa uji mwepesi, ukavutwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Sungura anafungwa kwa taulo, anakaa wima kidogo. Ncha ya bomba inaingia pembeni, kwenye lile pengo nyuma ya meno ya mbele, ikielekezwa shavu la pili na kamwe si kooni. Unasukuma kidogo, unasubiri ameze, unasukuma tena. Mililita 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito kwa mlo zinatosha, milo kadhaa kwa siku. Asubuhi anapimwa kwenye mizani ya jikoni, na kinyesi kinaangaliwa: punje zake zikipungua na kuwa ndogo, daktari apigiwe simu siku hiyo hiyo.

Naomba msisitizo mmoja hapa. Amoksilini iliyobaki kwenye droo ya nyumbani asipewe sungura kwa mdomo. Dawa za jamii ya penisilini zikipita tumboni mwake huua bakteria wanaomsagia chakula, na mnyama anaweza kufa kwa kuhara.

Kisha nyasi. Mwaka 2015 nchini Uingereza, mtafiti Anna Meredith na wenzake walichapisha matokeo ya kuwalisha sungura 32 vyakula tofauti kwa miezi 17. Meno ya waliolishwa mchanganyiko wa nafaka na mbegu yalirefuka na kupinda zaidi. Kwetu nyasi si tatizo: mabingobingo, nyasi za Rhodes zilizokaushwa, hata majani ya kando ya shamba lisilopigwa dawa. Sungura apate kila siku rundo linalolingana na mwili wake, mboga kiasi, na punje kijiko tu.

Mizizi iliyokwisha kupinda haitarudi. Sungura huyu atarudishwa kusagwa meno baada ya wiki chache, pengine kwa maisha yake yote, na muda kati ya safari moja na nyingine utategemea kasi ya ncha kuota. Ikiwa meno ya mbele yatakataa kukutana tena, yote sita yanaweza kung'olewa. Sungura huishi vizuri bila hayo, akiokota chakula kwa midomo, mradi mboga zikatwe vipande vyembamba. Familia imeamua asizalishwe, kwa kuwa kasoro za taya, kama taya fupi, huweza kurithiwa, nami nawaunga mkono.