Mkongo wa Taifa na Kipimo cha Gare

Shirika la Mawasiliano Tanzania, TTCL, aghalabu husifiwa kwa urefu wa Mkongo wa Taifa, ambao ujenzi wake ulianza mwaka 2009 kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China, na ambao serikali ililikabidhi shirika hilo liuendeshe; na kwa hakika kilomita zaidi ya 7,000 za nyuzi za kioo si kazi ya kudharauliwa. Lakini urefu ni kipimo cha mjenzi. Mtumiaji ana mizani yake, na katika Mkoa wa Tanga naona ifaayo ni kuisimamisha Gare, juu ya milima ya Usambara.

Wajenzi wapewe haki yao kwanza. Mkongo ulipangwa kwa duara: lile la kaskazini hutoka Dar es Salaam likapita Morogoro, Dodoma, Singida na Babati hadi Arusha, kisha likarejea kwa njia ya Moshi na Tanga, hata mtu akiukata upande mmoja kwa kuchimba barabara, mawasiliano hugeuka yakapita upande wa pili pasina mtumiaji kuhisi. Fauka ya hayo, si kila mahali palipochimbwa mitaro. Baadhi ya sehemu zilitumia nyuzi zilizokwisha kutiwa ndani ya waya wa juu kabisa wa nguzo za umeme za TANESCO, ule unaozikinga na radi. Hiyo ndiyo busara ya kutumia kilichopo, nami naistahi. Taksiri ya mkongo ilidhihirika Mei 2024, mikongo ya baharini ya Seacom na EASSy ilipokatika kwa pamoja, na duara la barani, pamoja na uimara wake wote, likabakiwa na njia nyembamba ya kutokea ng'ambo.

Taabu ya Gare ni nyingine, nayo huanzia Mombo, chini ya milima hiyo. Reli ya Tanga ilifika Mombo mwaka 1905 wala haikupanda milimani hadi Lushoto, kwa sababu ile ile inayoyafanya mawasiliano yapende bonde: barabara ya Soni ina jabali upande huu na korongo upande ule, na masika huleta maporomoko yawezayo kuchukua nguzo na waya pamoja. Ukiyakimbia hayo ukatumia minara, mnara sharti uuone mnara mwenziwe, na migongo ya Usambara haikubali. Kijiji kilicho nyuma ya mgongo hukaa kivulini ilhali ramani inaonyesha kata nzima imefikiwa.

Kwa hiyo ramani haitoshi. Na ipimwe kasi ya saa mbili usiku, wakati watu wote wanapogawana mkondo mmoja. Ihesabiwe mnara unadumu saa ngapi umeme ukikatika. Iulizwe kama mkulima wa kabichi anaweza kulipia mwezi mzima. Mpango wa TTCL wa Faiba Mlangoni Kwako hufaa mijini, ambako nyumba zimebanana. Gare, ambako nyumba zimetawanyika miteremkoni, afadhali uzi mmoja ufike shule, zahanati na misheni, kisha majirani wapate kwa mawimbi.

Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2006, husaidia gharama za minara ya vijijini. Rai yangu ni kwamba ruzuku hiyo isilipwe kwa kusimama mnara tu. Mkataba utaje pia upana wa njia inayoulisha mnara kutoka mkongoni, na malipo ya mwisho yangoje hadi kipimo cha usiku kichukuliwe kijijini kwenyewe.