Sanduku la Chai na Nasaba ya Ukali

Katika harusi moja kijijini Uroa, miaka michache iliyopita, nilikaa mkekani karibu na mpiga sanduku. Ni lile sanduku la mbao lililokuwa likipakiwa majani ya chai, likageuzwa, likatiwa fimbo na kufungwa uzi mmoja; mpigaji huikaza na kuilegeza fimbo, nao uzi hunena kwa sauti nene kama ya besi. Kando yake palikuwa na fidla, vidumbak viwili, mkwasa na cherewa. Mgeni mmoja kutoka mjini, mtu msomi na mpenzi khasa wa taarab, akaniinamia akasema: "Hii ndiyo taarab ya wasio na uwezo." Sikumjibu usiku ule. Jibu langu ni hili, ingawa limechelewa, na litabidi lipitie Uingereza kabla ya kurudi Unguja.

Mwaka 1956 Lonnie Donegan alivuma huko Uingereza kwa wimbo wa reli wa Wamarekani Weusi, na nyuma yake vijana wengi wakaunda vikundi vya muziki ulioitwa skifo. Ala zao zilikuwa gita la bei rahisi, ubao wa kufulia nguo, na sanduku la chai lenye fimbo na uzi. John Lennon alianza hivyo hivyo mjini Liverpool, na kundi lake la Quarrymen. Sidai kwamba sanduku lao lilitoka kwetu, wala letu kwao. Chai ilishushwa katika bandari zote mbili, na masanduku matupu yakaangukia mikononi mwa watu wa namna moja: wenye hamu ya kupiga na wasio na fedha ya kununulia besi.

Miaka ishirini baadaye ikazuka panki. (Wengi wetu neno hili tulilijua kwa kinyozi kabla ya kulijua kama muziki.) Santuri ya kwanza ya Ramones ilitoka mwaka 1976, na mwaka huo huo Sex Pistols wakaitikisa Uingereza. Husimuliwa kwamba vijana hawa waliichoma moto historia yote iliyowatangulia. Masikio hayakubaliani na simulizi hiyo. Ramones waliuimba wimbo wa Bobby Freeman wa mwaka 1958. Sid Vicious aliimba nyimbo za Eddie Cochran. The Clash, katika santuri yao ya mwaka 1979, waliurudia wimbo wa Vince Taylor wa mwaka 1959, na jalada lao likaiga waziwazi herufi za waridi na kijani za santuri ya kwanza ya Elvis Presley ya mwaka 1956. Hata ule mkwaruzo wa gita ulioonekana ni uzushi wao, Link Wray alikwisha kuupata mwaka 1958 kwa kuitoboa spika yake kwa penseli. Waliwakana kaka zao, wakaruka moja kwa moja hadi kwa babu.

Miongoni mwa kaka hao alikuwamo mwana wa Unguja. Tarehe 1 Disemba 1976 kundi la Queen, lake Freddie Mercury aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946, lilijitoa katika kipindi kimoja cha televisheni mjini London. Nafasi ikapewa Sex Pistols, nao wakaporomosha matusi hewani na kupata umaarufu wa usiku mmoja. Mwaka 1979 Freddie naye akatunga wimbo mwepesi kwa mtindo wa Elvis. Njia ya kurudi kwa babu ilikuwa wazi kwa wote.

Sasa turudi Uroa. Kishawishi ni kusema kwamba okestra kubwa ya taarab ndiyo roki iliyonenepa, na kidumbak ndiyo panki yetu. Kwa upande mmoja mfano unafaa. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurikodi sahani zake, aliandamana na wapigaji wachache tu. Safu ndefu za fidla kwa mtindo wa Misri zilikuja kushamiri baadaye. Basi anayesikiliza kundi dogo lililobanana mkekani yu karibu na zama zile kuliko anavyodhani.

Lakini mfano unavunjika mahali muhimu. Kundi la Kidumbak Kalcha, lililotoa santuri iliyopewa jina la Ng'ambo mwaka 1997, lilikuwa na wasanii wa Culture Musical Club, akiwamo Makame Faki. Yaani mtu yule yule hukaa kitini akapiga taarab kwa utulivu, kisha akaenda harusini akaicharaza fidla hadi watu wakatike viuno. Hapana mtoto anayemkana baba. Ukali wa kidumbak ni hiari ya mtu anayejua pia upole, na hapo ndipo mgeni wangu alipokosea.

Wapenzi wa ushairi wana shaka nyingine, nayo ni nzito zaidi. Katika taarab shairi ni amana: lina vina na mizani, lina fumbo, na msikilizaji hulingoja mpaka kituo. Mwimbaji wa kidumbak huchukua ubeti wa wimbo uliotamba, huukata, huuunga na mwingine, kisha hupachika habari za mtaa. Je, si uharibifu? Nakiri mara nyingine ni uharibifu mtupu, khasa ngoma ikipamba moto na maneno yakawa ya kujazia. Ila usiku ule nilitega sikio pale anapokata. Alikata penye kina, na wimbo uliofuata ukaingia kwa kina kile kile, kana kwamba watunzi wawili wasiojuana walikuwa wakijibizana. Kufanya hivyo papo kwa papo, bila kalamu, si kazi ya asiye na uwezo.

Huko Bara, mchiriku wa Jagwa Music uliotolewa Ulaya mwaka 2012, na singeli iliyofuata, vimeitwa panki na wahakiki wa kigeni. Vinanda vidogo, spika zilizochoka, mwendo wa mbio: jina linakaa vizuri kuliko kwetu. Hata hivyo sifa hizo hunitia mashaka. Mhakiki asiyejua Kiswahili husifu kelele, na maneno humpita kando.

Karibu na usiku wa manane uzi wa sanduku ulikatika. Fidla iliendelea peke yake huku mvuvi mmoja akikimbia kuleta mshipi. Kabla haujafungwa, mwimbaji alikwisha kuutia uzi ule katika ubeti, pamoja na bwana harusi, na kina mama wakaangua kicheko kilichofunika mstari wa mwisho. Mgeni wangu akaniuliza: "Kasema nini?" Nilimpa mistari mitatu. Wa nne niliutafuta kesho yake kijiji kizima. Kila niliyemwuliza alicheka upya, na kila mmoja aliusema kivyake.