Fumbo Jukwaani: Nani Shetani?

Mchezo wa kuigiza wenye fumbo una hatari yake. Mtazamaji hukaa saa mbili akingoja kuambiwa nani muuaji, akishaambiwa hupiga makofi na kwenda kulala. Ndiyo maana tunauliza: jukwaa la chuo kikuu litumie fumbo kwa faida ya nani?

Unguja inalijua fumbo. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, alilisuka katika *Mzimu wa Watu wa Kale*, hadithi iliyochapishwa mwaka 1960. Mwenye mali anakutwa ameuawa mzimuni. Bwana Msa, kiko mdomoni, anauliza na kupima ushahidi mpaka ushirikina unashindwa na akili. Hiyo ni hatua ya kimaendeleo. Lakini muuaji akishajulikana, kesi imekwisha. Mali ile ilitokana na jasho la nani? Swali hilo halikuwa kazi ya mpelelezi.

Ebrahim Hussein, aliyefundisha sanaa za maonyesho katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikwenda mbele zaidi katika *Mashetani*, tamthilia iliyochapishwa mwaka 1971. Shetani na Binadamu wanakutana penye mbuyu. Baadaye tunatambua kwamba ni wanafunzi wawili, Juma na Kitaru, waliokuwa wakiigiza. Mchezo umekwisha, lakini Kitaru hatulii. Juma ametoka katika ukoo uliopoteza mali yake kwa Mapinduzi ya 1964. Jamaa za Kitaru ni wa tabaka jipya linaloinuka baada ya uhuru. Basi shetani ni nani: bwana aliyeondoka, au tamaa ya ubwana iliyobaki ndani ya wale waliorithi nafasi yake?

Hapo mashaka ya jukwaani yanakuwa silaha ya kufikiri, kwa sababu jibu halimo mfukoni mwa mpelelezi. Mtazamaji analazimika kujichunguza.

Hata hivyo, tunaona upungufu. Fumbo hili limebaki baina ya wasomi wawili. Mchuma karafuu, ambaye Mapinduzi yalimhusu kuliko wote, si miongoni mwa wahusika wakuu. Na lugha yake ya mafumbo inaweza kumwacha mkulima nje ya mlango.

Kwa hiyo vijana wa vyuo wakiigiza tamthilia hii, iwe Ngome Kongwe au mashamba, wasikimbilie kuzima taa. Wabaki na watazamaji, wawaulize wao wanamwona nani shetani, na wawe tayari kutajwa.