Mkasi Ulikata, Seli Hazikutosha

Mwaka 1983 ulikuja na habari mbili ambazo hakuna aliyeziunganisha. Mkoani Kagera, wakati Chato ikiwa bado sehemu ya wilaya ya Biharamulo, waliripotiwa wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania. Huko Marekani, Sidney Altman na wenzake walionyesha kwamba RNA, iliyodhaniwa kuwa tarishi tu wa ujumbe wa jeni, yaweza kufanya kazi ya kimeng'enya. Thomas Cech alikuwa ameona jambo kama hilo mwaka mmoja nyuma. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1989.

RNA ya namna hiyo huitwa ribozaimu. Wachimbaji wadogo wa Geita wanaweza kuilinganisha na karasha: husaga mawe ya duara hili, kesho ya duara lile, lenyewe likabaki lile lile. Ribozaimu nayo hukata RNA, huiachia, hushika nyingine. Ila karasha halichagui jiwe. Ribozaimu huchagua, kwa sababu mikono yake miwili hutengenezwa ijipachike kwenye mfuatano maalumu wa herufi, na mara nyingi hukata pale zinapofuatana G, U na C.

VVU vikaonekana windo rahisi: jeni zake zote hubebwa na RNA yenye herufi zisizofika 10,000. Mwaka 1990 Nava Sarver, John Rossi na wenzao walielekeza ribozaimu kwenye jeni ya virusi iitwayo gag, ndani ya seli za maabara. Uzalishaji wa virusi ukashuka.

Mwilini mambo yalikuwa mengine. RNA tupu huharibika upesi kwenye damu, hivyo haimezwi kama panadoli. Watafiti walilazimika kuvuna seli shina za damu ya mgonjwa, kuzipachika jeni ya ribozaimu, kisha kumrudishia. Ndivyo ilivyofanyika kwa tiba ya ribozaimu iitwayo OZ1, katika jaribio la wagonjwa 74 lililochapishwa mwaka 2009. Halikuleta madhara yaliyotokana na tiba yenyewe, na kinga ya waliopewa OZ1 ilikuwa juu kidogo. Lakini katika kipimo kikuu, wiki ya 47 na 48, wingi wa virusi haukutofautiana vya kutosha na wa wenzao wasiopewa OZ1.

Kosa halikuwa la mkasi, yaani ribozaimu yenyewe. Seli zilizoubeba zilikuwa chache mno, na zisizo nao ziliendelea kushambuliwa. Isitoshe, VVU hubadilika: herufi moja ikigeuka mahali pabaya, mkasi hukosa pa kushika.

Mwaka 2010 kundi la Rossi, California, lilijaribu werevu zaidi kwa wagonjwa wanne wenye saratani ya mitoki. Ribozaimu yao haikukata virusi bali ujumbe wa CCR5, mlango ambao VVU hupitia kuingia kwenye seli, na iliambatana na silaha mbili nyingine za RNA. Baadhi ya seli hizo zilionekana hadi miezi 24, ingawa kwa uchache ule ule.

Kwa mvuvi wa Muganza, Chato, tiba iliyopo ni nyepesi zaidi: kidonge cha kufubaza VVU kiitwacho TLD kinazuia vimeng'enya viwili vya virusi kwa dozi moja kwa siku, bila kuvunwa seli. Anayehama na msimu wa dagaa asiache nyuma kadi yake ya CTC, kliniki ya tiba na matunzo.