Mkono wa Suggia

Kumchora mpiga fidla ni kazi kuliko kumchora sultani. Sultani huketi akatulia. Mpigaji ukimtuliza hapigi tena, na utakachochora ni mtu aliyeshika ubao wenye nyuzi.

Ndiyo maana naipenda mno "Madame Suggia", picha ya Augustus John iliyomo katika jumba la Tate, London. Guilhermina Suggia, Mreno wa Porto aliyezaliwa mwaka 1885, alipiga chelo, dada mkubwa wa fidla anayepakatwa badala ya kuwekwa begani. John alisifiwa kwa wepesi wa mkono, lakini picha hii aliihangaikia kuanzia 1920 hadi 1923, na Suggia alikuwa akipiga kweli huku akichorwa.

Utazame mkono wa upinde. Umenyooka, upinde umevutwa, na umebaki ule muda mfupi kabla mkono haujageuza. Aliyewahi kuketi karibu na safu ya fidla kwenye taarabu Unguja anaujua muda huo: sauti bado iko nyuzini, bega limeshaanza kujiandaa kurudi. Kuupata kwa brashi ni ufundi wa hali ya juu. Halafu gauni jekundu, linalomwagika mpaka sakafuni na kutandaa. Mimi wekundu ule nausikia. Ni uzi mzito wa chini ukinguruma.

Kidevu amekiinua, uso ameupa ubavu. Yeye hatuangalii sisi. Wanawake wangapi wamechorwa Ulaya wameketishwa ili watazamwe! Huyu yuko kazini. Tena kwa ala ambayo karne ya 19 ilimwonea mwanamke haya kuiweka kati ya magoti, hata wengine wakafunzwa kuipiga wameketi upande.

Alifariki mwaka 1950, akiwa ameusia chelo yake ya Stradivarius ya mwaka 1717 iuzwe, fedha ziwasaidie wapigaji chipukizi. Mwaka 1956 msaada huo ulimfikia msichana wa miaka 11, Jacqueline du Pré, aliyekuja kuwa mpiga chelo mashuhuri.

Ninayo nakala ya picha hii kitabuni. Siku moja niliufunika ule mkono kwa kiganja, nikaona mwanamke mzuri aliyevaa gauni jekundu, kimya. Nikaondoa kiganja, chelo ikaanza tena.